Gonga Usikie

(Kijiko kinagonga kikombe: mlio mrefu. Kijiko kinagonga kikombe kingine: mlio mfupi, mzito.)

Haya, msikilizaji, umesikia? Narudia, maana najua saa hizi Bwera boda zinapita, na wengine redio mmeiweka juu ya kabati huku sufuria zinalia jikoni. Cha kwanza hiki hapa. Tiiing. Cha pili hiki. Tok. Ni vikombe viwili vya kauri, ndugu wa tumbo moja, vyeupe, vina ua la buluu ubavuni. Nimevinunua sokoni Mpondwe kwa mama mmoja aliyevuka navyo kutoka Kasindi, upande wa Congo. Fundi mitambo wetu hapa studio amevigeuza juu chini, amevimulika kwa tochi ya simu, amesema vyote vizima. Ufa hakuuona. Lakini hiki cha pili kina ufa, nami niliujua kabla sijalipa.

Aliyenifundisha ni muuzaji mwenyewe. Nilikuwa nakitazama kikombe kimoja kimoja kama askari wa mpakani anavyotazama kitambulisho, yeye ananiangalia tu. Mwisho akashindwa kujizuia, akacheka. "Papa, macho itakudanganya," akaniambia kwa Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka. "Gonga usikie." Akachukua kijiko akapita nacho juu ya vikombe vyake vyote, haraka haraka, kama mpiga marimba. Kila kilichojibu kwa ufupi alikisogeza pembeni bila hata kukitazama. Vile vya pembeni, akanieleza, anaviuza kwa nusu bei kwa watu wa kuwekea sukari na vijiko. Chai haviwezi: ukimimina maji ya moto kinakupasukia mkononi. Mimi nikachukua kizima kimoja na kigonjwa kimoja kwa ajili ya kipindi hiki, akaniona mwehu.

Mazungumzo yetu leo ni juu ya ngao. Siisemi ile ya kwenye nembo ya taifa, iliyokaa kati ya swala na korongo. Nasema ngao za siku hizi, vitu tunavyovaa tukitumaini vitapokea pigo badala yetu. Na hasa nasema juu ya ngao iliyokufa ikiwa bado imevaa uso wa uzima.

Habari yenyewe ilianzia kwa kinyozi, hapa Kasese mjini. Nilikuwa kwenye foleni, nikakaa karibu na kijana wa kwetu aliyerudi kutoka Somalia. Wanajeshi wa Uganda waliingia Mogadishu Machi 2007, na tangu wakati huo sidhani kama kuna kijiji huku kwetu ambacho hakimjui mtu aliyekwenda. Tukaongea joto la kule, tukaongea mshahara, tukafika kwenye ile fulana ya kuzuia risasi. Nikamuuliza kama ni kweli inazuia. Akanijibu kwamba fulana yenyewe, kile kitambaa kizito, inazuia vipande vya bomu na risasi ya bastola. Risasi ya bunduki inahitaji bamba, na bamba unalitia mfukoni, moja kifuani, moja mgongoni.

"Bamba la chuma?" nikauliza.

"La kauri, mzee."

"Kauri ya sahani?"

"Ndiyo hiyo, lakini ile imepikwa ikaiva kweli."

Kisha akanyamaza kidogo, kinyozi akawa ameshasimamisha mashine yake asikilize. Kijana akasema siku moja, wakishusha mizigo, bamba lake liliponyoka juu ya lori likaanguka kwenye saruji. Liliangukia kona. Akaliokota, akapangusa vumbi, akatazama: kitambaa chake cha kufunikia hakikuwa na hata mkwaruzo. Akalirudisha mfukoni. "Tangu siku ile, mzee wangu, kila tukitoka doria najiuliza swali moja tu. Hapa nimevaa ngao au nimebeba mzigo?"

Sisi watu wa huku hatuhitaji kufundishwa risasi ni nini. Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka mpaka wakapiga Mpondwe na Bwera. Juni 2023 walirudi usiku wakaingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, na watoto wetu waliolala mle hawakuwa na ngao nyingine zaidi ya mlango wa bweni. Hilo sitalifungua leo. Nalitaja tu ili mtu asiseme huyu bwana anatuletea hadithi za vita vya mbali.

Sasa bamba lile linafanyaje kazi? Risasi ya bunduki kama ile ya AK inaruka zaidi ya mita 700 kwa sekunde, mara mbili na ushei ya mwendo wa sauti hewani. Ikikutana na kauri inakutana na kitu kigumu kuliko yenyewe. Pua yake inapondeka, inasambaratika, na kauri pale mahali nayo inasagika. Nyuma ya kauri pamegundishwa tabaka nene la nyuzi ngumu, na tabaka hilo ndilo linalodaka vipande vya hao waliogombana. Kwa hiyo kazi ya kauri ni kuvunjika wakati inavunja. Bamba moja la kifuani lina uzito wa kilo 2 na nusu hivi. Limetengenezwa kwa oksidi ya alumini, au kabidi ya silikoni, au kabidi ya boroni, na hii ya mwisho, ukiacha almasi, ni vichache sana duniani vinavyoishinda kwa ugumu. Wamarekani waliwavalisha mabamba ya kauri marubani wa helikopta zao katika vita vya Vietnam, miaka ya 1960.

Lakini ugumu una bei yake. Sufuria ikianguka inabonyea, na ikibonyea kila mtu anajua ilianguka. Mtoto hawezi kukana. Chungu hakibonyei. Chungu ama kimepasuka vipande, ama kimeingiwa na ufa mwembamba kama unywele kikakaa kimya rafuni, na siku unayokitia maharage ndiyo siku kinapokuumbua mbele ya wageni. Bamba la kauri ni ukoo wa chungu. Tena limeshonewa nguo juu, kwa hiyo hata huo unywele huwezi kuuona. Wahenga wametuachia ile ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Nzuri sana. Ila wao walimzungumzia mtu ambaye ufa ameshauona.

Nikamwambia kijana, lakini si ungeligonga? Akacheka, akasema wengi hufanya hivyo. Wanaligonga kwa konzi la kidole, wanalitikisa karibu na sikio kusikia kama kuna mchanga unaochezacheza ndani, wanalikamata pande mbili na kulisokota kidogo kusikia kama linasaga. Kwa hiyo askari aliyezungukwa na mitambo ya kila aina anarudi kufanya kile alichokifanya yule mama wa Kasindi kwa kijiko. Jambo hilo lilinikaa kichwani, nikaanza kuona wagongaji kila mahali.

Mwashi wa Bwera akinunua matofali ya kuchoma anachukua mawili anayagonganisha. Lililoiva linalia kama chuma. Lililokaa pembeni ya tanuri likapata moto nusu linatoa sauti ya mkate. Mama anayechagua fenesi analipiga kofi tumboni. Daktari anakuwekea kidole kifuani na kukigonga kwa kidole cha mkono mwingine: penye hewa panalia, penye maji panazizima. Mbinu hiyo aliiandika daktari wa Austria, Leopold Auenbrugger, mwaka 1761, na mnajua aliitoa wapi? Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na mapipa ya mvinyo walikuwa wakiyagonga kujua yamebaki kiasi gani. Mapafu ya dunia nzima yanapimwa leo kwa elimu ya mtoto wa mwenye kilabu. Wenye kuuza tonto, pombe yetu ya ndizi, msijidharau.

Ila wagongaji wakubwa kuliko wote tulikuwa nao hapa hapa, juu kidogo ya mji huu, na wachache wao bado wako hai.

Mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka ule ule reli kutoka Kampala ilipofika Kasese, maana reli yenyewe ililetwa kwa ajili ya ile shaba iende kuyeyushwa Jinja. Ulisimama 1982. Kwa hiyo mtu aliyeingia chini ya mlima akiwa kijana wa miaka 20 mwanzoni mwa miaka ya 1970 leo ana zaidi ya 70. Mmoja wao ni jirani yangu. Simtaji jina, hapendi, lakini watu wa mtaani kwetu mtamjua kwa fimbo yake.

Nilimpelekea swali la yule kijana. Mzee akalisikiliza, akaomba nimletee mtaimbo kutoka stoo. Sikuwa na mtaimbo, nikamletea chepe. Akaugeuza mpini ukawa juu, akaunyanyua kuelekea dari la baraza langu, akaanza kunionyesha. Baada ya baruti kulipuka na moshi kutoka, wanaoingia kwanza ni wawili, mmoja wa kushika taa na mmoja wa mtaimbo. Hawasimami chini ya jiwe ambalo hawajalizungumzisha. Wanasimama chini ya jiwe zuri, wanagonga lile la mbele. Likijibu vizuri, hatua moja. Wanagonga tena.

"Jiwe zima linajibu kama kengele," akasema. "Lililoachana na mlima linajibu kama ngoma. Kwa macho yote ni sawa, yote yanang'aa maji, huwezi kujua. Lakini moja linashikwa na mlima na jingine limekaa tu hapo, linasubiri mtu." Ukisikia ngoma kule chini, mzee aliniambia, huchezi. Unarudi nyuma, unaliangusha kwa mtaimbo wewe ukiwa pembeni, kabla halijajiangusha lenyewe.

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulitegemea. Kelele za mashine za kutoboa miamba, miaka nenda miaka rudi, zilikuwa zimeshawala masikio. Mgongaji mwenye uzoefu mara nyingi alikuwa nusu kiziwi. Sasa alisikiaje? Akaniwekea kiganja ukutani. Unagonga kwa mkono mmoja, akasema, na vidole vya mkono wa pili unavilaza juu ya jiwe. Jiwe zima halikutingishi. Lililoachana linakuwasha kwenye ncha za vidole, kama nyuki kwenye chupa. Kidole kinajua kabla ya sikio.

Na kwenye reli za zama zile palikuwa na bwana wa nyundo yenye mpini mrefu aliyepita kando ya treni iliyosimama akigonga gurudumu moja baada ya jingine. Gurudumu la chuma lenye ufa halilii. Abiria wengine walidhani ni mtu aliyekosa kazi.

Hebu tuvirudie vikombe vyetu. (Tiiing. Tok.) Kwa nini? Kikombe kizima ukikigonga, mtetemo unatoka pale kijiko kilipogusa, unakwenda mpaka ukingoni, unarudi, unakwenda tena, na kila safari unakuta njia ni ile ile. Ndiyo maana mlio unakaa. Ufa ukiwepo, kuta zake mbili zinasuguana kama viganja vya mtu aliyeshikwa na baridi, na mtetemo unaishia pale pale, unageuka joto dogo usiloweza kulihisi. Mlio unafupika. Isitoshe, kikombe chenye ufa kimelegea, na kitu kilicholegea kinatetemeka polepole zaidi, kwa hiyo mlio unashuka pia. Mwulize mpiga gitaa yeyote wa Bwera, ukilegeza waya sauti inakwenda wapi. Kufupika na kushuka: hayo tu ndiyo sikio la yule mama linayoyakamata, na yanamtosha kwa biashara ya vikombe.

Kwa bamba la askari hayatoshi. Konzi la kidole linafichua ufa mkubwa, ule uliokwisha kuligawa bamba. Ufa mdogo unaponyoka. Sauti ndani ya kauri kama ile inakimbia kilomita 10 hivi kwa sekunde, karibu mara 30 ya mwendo wake hewani. Mtetemo wa mara 1,000 kwa sekunde, ambao ndio aina ya mlio wa kugonga, wimbi lake moja ndani ya kauri lina urefu wa mita 10. Wimbi la mita 10 likikutana na ufa wa milimita chache linapita kama lori la saruji ya Hima linavyopita juu ya jani. Halina habari. Kama unataka kitu kidogo kikujibu, lazima ukiendee na wimbi dogo. Ukipandisha mtetemo ufike mara milioni 5 kwa sekunde, wimbi linapungua mpaka milimita 2. Sikio la binadamu linakoma kwenye mara 20,000, na la mzee kama mimi mapema kuliko hapo, kwa hiyo sauti hiyo hakuna anayeisikia. Lakini akina mama wengi wanaonisikiliza wameshapigwa nayo tumboni. Ni ile ile ya altrasaundi, inayomtazama mtoto kabla hajazaliwa.

Mnakumbuka yule muuguzi anavyokupaka ule ute wa baridi kwanza? Anafukuza hewa. Sauti ya aina ile ikikutana na hewa, hata hewa nyembamba kama karatasi, inarudi nyuma karibu yote. Na ndani ya ufa kuna nini? Hewa. Kinachomsumbua muuguzi ndicho kinachomfurahisha mkaguzi wa bamba: ufa mwembamba usioonekana kwa macho, kwa wimbi lile ni ukuta.

Wa kuimba na wa kusikiliza sauti hiyo ni fuwele. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba kuna fuwele ukizibana zinatoa umeme. Baadaye ikaonekana kinyume chake pia ni kweli, ukizipa umeme zinatetemeka. Hauko mbali na wewe ugunduzi huo. Kile kiwashio cha jiko la gesi kinacholia "tak" bila betri, ndani kuna kipande cha jamaa hao hao.

Sasa watafiti, wakiwemo wa jeshi la Marekani, wakajaribu kubandika kwenye bamba visahani viwili vya namna hiyo, vidogo kama vifungo vya koti. Kimoja kinaimba, kuanzia sauti ya chini kupanda mpaka ya juu kabisa. Kingine, upande wa pili, kinasikiliza kilichofika. Bamba likiwa jipya linaimbiwa, na jibu lake linaandikwa, liwe kumbukumbu yake ya kuzaliwa. Baada ya miezi ya malori na saruji linaimbiwa tena wimbo ule ule. Kama jibu limefifia, kama vilele vyake vimehama, kuna jambo limetokea ndani, na askari anaambiwa bila mtu kufungua hata uzi mmoja wa kitambaa. Mambo mengine yote, hesabu na taa ya kijani au nyekundu, ni kazi ya kompyuta ndogo.

Mtu atauliza, si kuna eksirei? Ipo, na majeshi yenye uwezo yanapitisha mabamba yao humo kama mizigo ya uwanja wa ndege. Lakini mashine hiyo haikufuati kwenye handaki. Bamba ndilo linalosafiri kuifuata. Tena ina upofu wake. Eksirei inaona vizuri ufa uliosimama kwa kuufuata mwali wake. Ule uliolala, kauri ikiwa imebanduka kidogo kutoka kwenye nyuzi za nyuma kama ukurasa unavyoachana na ukurasa, unaweza kuipita. Na ule uliolala ndio nini? Ndio ngoma ya mzee wa Kilembe, jiwe lililoachana na mlima na bado limekaa pale pale. Mtetemo unaukamata.

Hata mtetemo nao si mganga wa kila ugonjwa. Joto likibadilika wimbo unabadilika. Gundi ya kisahani ikizeeka wimbo unabadilika. Na bamba ambalo halikuandikiwa kumbukumbu lilipokuwa jipya utaliimbia mpaka jioni usijue jibu lake ni la mzima au la mgonjwa, maana hata mabamba mawili yaliyotoka kiwandani siku moja hayaimbi sawasawa. Kwa majeshi yetu, ambayo mara nyingi yanapewa vifaa na wafadhili, vingine vikiwa vimeshapita mikono kadhaa, nadhani hapo ndipo penye kazi kubwa kuliko kwenye mashine. Karatasi ya historia ndiyo adimu.

Nami nina ushahidi wa hilo, wa aibu kidogo. Miaka michache iliyopita nilinunua kofia ya boda ya mitumba, si hapa, na muuzaji hana haja ya kutajwa. Ilikuwa nyekundu, imepakwa rangi mpya inang'aa. Nikijifanya mtaalamu, nikaigonga. Ikalia vizuri kabisa. Nikavaa miezi sita, nikijiona. Siku moja boda ikiwa imesimama, nasema imesimama, mguu ukateleza tukaanguka ubavu, kichwa changu kikagusa lami taratibu kama mtu anayeweka yai. Kofia ikafunguka vipande viwili. Ndani, lile povu jeupe gumu ambalo ndilo linalomeza pigo lilikuwa limebonyea siku nyingi na kujazwa gundi. Kofia ile ilishamfanyia kazi mtu mwingine, mahali pengine, ikamaliza. Povu lile linafanya kazi mara moja tu, na halilii. Ganda la plastiki juu yake ndilo lililonijibu nilipogonga, na ganda halikuwa na ugonjwa. Nilimwuliza asiyehusika. Tangu siku hiyo, kofia ya mitumba siipimi kwa konzi wala kwa jicho. Namwuliza muuzaji ilianguka lini, namtazama usoni, kisha nakwenda kununua mpya.

Na hata jibu likisikika, bado kuna kulikubali. Yule mama wa Kasindi alijitia hasara mwenyewe, alisogeza vikombe pembeni mbele ya mnunuzi. Mimi hapo ndipo nilipomvulia kofia, na si kwa sikio lake. Kule mgodini, mzee ananiambia, mtu wa mtaimbo akisema ngoma, hata msimamizi anasubiri nje, tani za siku zikipungua zipungue. Na Juni 2019, Ebola ilipovuka kutoka Congo ikafika hospitali ya Bwera, wahudumu walikuwa na kanuni ya namna hiyo hiyo: huingii wodini umejivalisha peke yako. Mwenzako anasimama mbele yako anakutazama kuanzia kofia mpaka buti, na akisema glavu ile hapana, ni hapana, hata kama wewe ni daktari na yeye ni mfagiaji. Wengi wao walikuwa wameshachanjwa tangu mwishoni mwa 2018, kabla ugonjwa haujafika. Kinga iliulizwa mapema.

Kijana wa kwa kinyozi, bamba lake liliishia wapi? Nilimwuliza. Alimwambia mkubwa wake kwamba lilianguka. Mkubwa akalichukua, akaligeuza, akaona kitambaa safi, akamrudishia. Akalivaa mpaka muda wake ulipokwisha, akalikabidhi stoo, na karani akaandika "zima". Huenda lilikuwa zima kweli. Hata leo hajui.

Sasa, yule mzee jirani yangu. Jumapili iliyopita alikuja kunisalimia. Nyumba yangu ni ya zamani, ilikuwepo tetemeko la Februari 1994 lilipotikisa upande huu wote, na mwaka jana niliipiga plasta mpya na rangi ya krimu, nikaona imependeza. Nikamkaribisha sebuleni, nikamwonyesha kiti kizuri, kile cha chini ya picha ya harusi. Mzee hakukaa. Aliweka kiganja ukutani, vidole vimelala, akagonga kwa fimbo yake mara mbili. Akasogeza kiganja kidogo kuelekea kwenye picha. Akagonga tena, mara moja. Kisha akakishika kile kiti mgongoni, akakiburuta taratibu mpaka upande wa pili, chini ya dirisha, ndipo akakaa na kuuliza kama chai ipo.